Dalali wa upande wetu: tuliyoyaona tukinunua nyumba Marekani

Karatasi ya kwanza tuliyosaini tulipoanza kutafuta nyumba hapa Columbus, Ohio, haikuwa ya nyumba wala ya mkopo. Ilikuwa ya dalali. Hatujaona hata mlango wa nyumba yoyote, tayari kijana mmoja ametutumia kwenye simu mkataba wa kurasa kadhaa, na chini kabisa kuna kisanduku cha manjano cha kuweka saini.

Ndugu na marafiki wanaoanza safari hii wananiuliza sana habari za riba na malipo ya awali. La dalali hawaulizi. Kwa wengi wetu dalali ni mtu wa kati: anawajua wote wawili, anakula kwa wote wawili, na hakuna anayeshangaa. Huku muuzaji ana dalali wake na mnunuzi anaweza kuwa na wake, na kila mmoja ana wajibu wa kisheria kwa mteja wake. Ukiingia sokoni bila kulijua hilo, utamwaga siri zako mbele ya mtu anayelipwa kumsaidia mwenzako.

Nianze na ile karatasi. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa hivi: muuzaji anatoa kamisheni, mara nyingi asilimia 5 au 6 ya bei, dalali wake anaigawa na dalali wa mnunuzi, halafu mnunuzi anaambiwa kwamba yeye halipi kitu. Bila shaka alikuwa analipa, maana hela yote mezani ilitoka mfukoni mwake na benki yake. Wauzaji wa nyumba wa Missouri wakaenda mahakamani kuupinga mfumo huo, wakashinda Oktoba 2023, na Machi 2024 chama kikuu cha madalali, National Association of Realtors, kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za namna hiyo. Tangu tarehe 17 Agosti 2024, dalali anayetumia zile orodha kuu ambamo madalali hutangaziana nyumba zinazouzwa lazima awe na makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla hajamtembeza kwenye nyumba. Malipo yake yaandikwe wazi, kwa kiasi au kwa asilimia, siyo "itategemea". Haruhusiwi kupokea zaidi ya hicho kilichoandikwa, hata kama muuzaji yuko tayari kutoa zaidi. Na karatasi yenyewe inapaswa kusema kwamba kamisheni haijapangwa na sheria, inajadiliwa.

Hilo neno la mwisho, kwamba inajadiliwa, lipo kwenye maandishi madogo na hakuna atakayekusomea.

Kijana wa kwanza tulimpata kwa kubofya kitufe cha "nataka kuiona nyumba hii" kwenye programu ya simu. Tulidhani tunampigia mwenye tangazo. Kumbe kitufe kile mara nyingi kinakupeleka kwa dalali mwingine kabisa, ambaye anailipa kampuni ya programu ili apewe majina ya wanunuzi. Siyo kosa, ila ni vizuri ujue kwamba huyo hajateuliwa kwa ubora wake. Mkataba wake ulitaka asilimia 3, miezi sita, jimbo zima la Ohio. Mke wangu aliusoma akasema, "Miezi sita? Hata kazini walinipa mitatu ya majaribio." Tukamjibu kijana kwamba tunataka karatasi ya nyumba hii moja tu, kwa siku hii moja tu. Akaituma kabla chai haijapoa. Kwa hiyo fomu hiyo alikuwa nayo muda wote.

Kama hutakumbuka lingine katika haya ninayoandika, kumbuka kwamba unaweza kusaini makubaliano mafupi ya kutembezwa tu, ukamwona mtu anavyofanya kazi, ndipo uamue kama unamtaka kwa muda mrefu. Na uangalie kipengele cha mwishoni mwishoni kinachosema kwamba hata mkataba ukiisha, ukinunua nyumba aliyokuonyesha ndani ya muda fulani, bado unamdai... samahani, bado anakudai. Kipengele hicho kina mantiki yake, maana wapo wanunuzi wanaomzunguka dalali. Lakini muda uwe mfupi na nyumba zenyewe ziorodheshwe.

Wiki hizo za mwanzo tulizunguka pia kwenye nyumba zinazofunguliwa wazi Jumapili, ambako unaingia bila kusaini chochote. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya upande. Nyumba moja ilituingia moyoni. Dalali aliyekuwa mlangoni alikuwa mchangamfu, ametuletea maji, anauliza habari za watoto. Mke wangu akamwambia kwamba tumeipenda, na kwamba mkataba wetu wa kupanga unaisha mwezi wa saba hivyo lazima tuwe tumehama kabla ya hapo. Mchangamfu yule akatikisa kichwa kwa huruma. Baadaye akatupigia: hatuna haja ya dalali wetu, yeye mwenyewe atatuandikia ofa, mambo yatakwenda haraka. Kwenye bei hakusogea hata dola moja. Asogee kwa nini? Alishajua kwamba tumeipenda na kwamba tuna haraka, na wajibu wake ulikuwa kwa mwenye nyumba.

Dalali mmoja kusimamia pande zote mbili ni jambo linaloruhusiwa Ohio, ilimradi wote wawili wakubali kwa maandishi. Yapo majimbo yasiyoliruhusu. Lakini akishasimama kote kote hawezi tena kukushauri kuhusu bei, maana ushauri wowote kwako ni hasara ya yule. Njia mbili zilimshinda fisi. Tukaachana na ile nyumba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya watu. Katika jumuiya yetu kuna kaka mmoja mwenye leseni ya udalali. Mtu mwema, tunasali naye, harusi zetu ndiye msimamizi wa ukumbi. Kila tuliyemwambia tunatafuta nyumba alisema, "Si mumchukue yule wa kwetu?" Tulifikiria sana. Faida ipo: anajua kwamba mshahara wetu unatoka kazi mbili na kwamba kila mwezi kuna hela inakwenda nyumbani, hutumii nusu saa kueleza. Lakini yeye udalali anaufanya jioni baada ya kazi, na nyumba nzuri hapa zinapata ofa kabla ya jioni. La pili ni zito zaidi: ukimwajiri ndugu, utamwachishaje? Utamwambiaje kwamba asilimia yake ni kubwa? Tulimwendea nyumbani, tukamweleza uso kwa uso kwamba hatutamtumia, na sababu ni hiyo. Alinuna kwa muda. Ningekuwa na ndugu anayefanya kazi hii kutwa nzima na anayekubali kuambiwa hapana, ningemchukua bila kusita.

Tuliyemchukua ni mama mmoja wa makamo tuliyeelekezwa na mfanyakazi mwenzangu. Kabla ya kusaini tuliwahoji madalali kadhaa, na maswali ya kawaida kama "una uzoefu wa miaka mingapi" hayakutusaidia kitu, wote wana majibu mazuri. Swali lililowatenganisha lilikuwa hili: mara ya mwisho ulimwambia mteja asinunue ni lini, na kwa sababu gani? Mmoja alicheka. Mwingine akatoa hotuba. Yule mama akataja nyumba, mtaa, na ufa uliokuwa kwenye ukuta wa chini.

Nauliza swali hilo kwa sababu ya hesabu. Dalali wa mnunuzi halipwi mpaka ununue. Kamisheni ikiwa asilimia 2.5, ukipunguziwa bei kwa dola 10,000 yeye anapoteza dola 250, na hapo bado hajagawana na kampuni yake. Kwa hiyo bei ikipanda au ikishuka kidogo haimgusi sana. Kinachomgusa ni wewe kununua leo au kununua baada ya miezi mitano, au kutonunua kabisa. Simaanishi kwamba ni wezi. Namaanisha kwamba mtu yeyote mwenye kodi ya kulipa atavutwa upande wa "chukueni hii", na unamtafuta yule ambaye ameshaonyesha kwamba anaweza kujizuia.

Tulikaa naye mezani, akachukua kalamu. Miezi sita kwenye fomu ya kampuni yake akaikata akaandika siku 60. Asilimia 3 ikawa 2.5. Eneo likawa kaunti mbili badala ya jimbo. Akaongeza kwa mkono wake kwamba katika kila ofa tutamwomba muuzaji alipe kamisheni hiyo kwanza, na sisi tutalipa pengo tu kama litakuwepo. Kila badiliko akaweka herufi za jina lake pembeni, na sisi za kwetu.

Kuna siku alitukera. Tulikuwa ndani ya gari mbele ya nyumba moja, nikamuuliza: mtaa huu wanaishi watu gani? Ni salama? Shule yake nzuri? Akasema hajibu. Nikadhani ni kiburi. Baadaye nikaelewa kwamba tangu mwaka 1968 ipo sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi, na dalali anayemwambia mteja "huku wapo watu wenu" au "kule hakukufaeni" anaweza kuonekana anawasukuma watu kwenye mitaa kwa rangi, dini au nchi walikotoka. Ukifikiri vizuri, sheria hiyo inatulinda sisi kuliko wengi. Alichotushauri ni kurudi wenyewe usiku wa Ijumaa na asubuhi ya siku ya kazi, kuzima gari na kukaa. Takwimu za uhalifu zipo kwenye tovuti za polisi, za shule zipo kwenye tovuti za wilaya za shule. Tulifanya hivyo, na nyumba moja tuliikataa kwa sababu ya treni tu.

Huyo mama ndiye pia aliyetuokoa kwenye jambo la upatu, kabla benki haijatuona. Aliuliza: kwenye akaunti zenu kuna pesa yoyote kubwa iliyoingia karibuni ambayo si mshahara? Ilikuwepo. Zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika, dola 6,000 zimeingia kwa mafungu kutoka kwa watu mbalimbali. Mkopeshaji kwa kawaida huomba taarifa za benki za miezi miwili iliyopita, na kila kiasi kikubwa kisichoeleweka anataka kujua kimetoka wapi, maana anahofia ni deni ulilolificha. Jaribu kumweleza afisa wa mkopo upatu ni nini, na umpe ushahidi wa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari letu lilikuwa kundi la simu. Tulisubiri mpaka taarifa zile zikapita, ndipo tukaomba mkopo. Kama unapokea msaada wa ndugu kwa ajili ya malipo ya awali, kuna barua ya zawadi ambayo ndugu huyo anasaini kwamba hadai kurudishiwa, iandaliwe mapema. Na fedha taslimu zilizo ndani ya nyumba, kwa mkopeshaji ni kama hazipo mpaka zikae benki.

Ofa yetu ya kwanza ilishindwa. Aliyetushinda alikubali kununua bila ukaguzi. Nilitaka na sisi tufanye hivyo safari inayofuata, yule mama akakataa kuiandika bila kwanza kutueleza njia ya katikati: tunabaki na haki ya kukagua na kujitoa, lakini tunaahidi hatutamsumbua muuzaji kwa matengenezo madogo chini ya kiasi fulani. Wauzaji wengi wanachokiogopa ni orodha ya balbu na bawaba, siyo ukaguzi wenyewe.

Ofa iliyofuata ikakubaliwa, nyumba ya mwaka 1958. Tukaweka arubuni ya dola 3,000. Fomu ya muuzaji ya kueleza hali ya nyumba, ambayo Ohio inaidai, ilisema hajui tatizo lolote la majitaka. Kwa kuwa ilijengwa kabla ya 1978 tulipewa pia karatasi ya tahadhari ya rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mkaguzi tulimtafuta wenyewe. Dalali alikuwa na orodha yake, na sina sababu ya kuishuku, ila mkaguzi anayetegemea madalali wamletee wateja ana sababu ya kutoharibu biashara.

Tulilipa ziada ili apitishe kamera kwenye bomba la majitaka. Nilisimama naye kwenye besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, tunatazama kioo kidogo kama cha tableti. Bomba la udongo, vipande vimeunganishwa kila futi chache. Kiungo cha kwanza kizima, cha pili kizima, halafu kamera ikaingia kwenye kitu kama nywele zilizolowa. Mizizi ya ule mti mkubwa wa mbele ambao mke wangu alikuwa ameupenda. Mbele yake bomba limebonyea na maji yamesimama. Fundi akakadiria dola 11,000 kulifumua na kuliweka jipya. Muuzaji akasema atatoa 2,000.

Nilikuwa tayari kukubali. Nilikuwa nimechoka, na tayari nimeshachagua chumba cha nani ni kipi. Yule mama akatuma ujumbe mfupi: "Kama ni mimi, najitoa. Mwisho ni kesho saa kumi na moja jioni." Akaleta karatasi ya kujitoa, akahakikisha imefika kwa maandishi kabla ya saa hiyo, na arubuni ikarudi yote. Ukipitisha muda wa ukaguzi mliokubaliana, hata ukiwa na mizizi mikononi, arubuni yako iko hatarini. Siku hiyo alijinyima kamisheni ya dola elfu kadhaa, na mimi sikuwa na swali tena kuhusu asilimia yake.

Nyumba tuliyonunua mwishowe ni ya mwaka 1984, dola 285,000. Ukaguzi ulikuta radoni, gesi isiyo na harufu inayotoka ardhini na inayosababisha saratani ya mapafu. Ohio ya kati inayo kwa wingi. Kipimo kinachotakiwa kushughulikiwa ni kuanzia pikokuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa, ya kwetu ilipita 7. Tatizo hili linatibika kwa bomba na feni, na muuzaji akakubali kuviweka kabla ya kukabidhi. Kamisheni ya dalali wetu ilikuwa dola 7,125. Muuzaji alikubali kulipa asilimia 2, yaani 5,700, na sisi tukalipa pengo la 1,425. Pengo hilo kwa kawaida huwezi kulichomeka ndani ya mkopo, ni fedha za mkononi siku ya kusaini, kwa hiyo liweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Tungeweza kumwomba atusamehe. Hatukuomba.

Mambo ya mwisho yalikwenda haraka. Mkopeshaji ambaye dalali wetu alitupendekezea tulimlinganisha na wengine wawili, na mmoja wao alikuwa nafuu. Ndani ya siku tatu za kazi baada ya kuomba, kila mmoja analazimika kukupa makadirio kwenye fomu ya aina moja, kwa hiyo ziweke sambamba. Siku tatu za kazi kabla ya kusaini unapokea hesabu kamili, na hapo tuligundua ada moja imeandikwa mara mbili. Ikaja pia barua pepe iliyoandikwa vizuri kabisa ikisema akaunti ya kutuma fedha imebadilika. Dalali alikuwa ametuonya: usitume hela kwa maelekezo ya barua pepe, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Tulipiga. Akaunti haikuwa imebadilika.

Si kila mtu anamhitaji dalali, na nisionekane nawapigia debe. Shemeji yangu sasa ananunua nyumba ileile anayoipanga, kutoka kwa mwenye nyumba wake, bei wameshakubaliana na hakuna mshindani. Kumlipa mtu asilimia 2.5 hapo ni kwa kazi gani? Nimemshauri atafute mwanasheria wa mambo ya nyumba anayelipwa kwa saa asome mkataba, anunue bima ya hati (ya kumlinda mtu mwingine akija kudai nyumba ni yake), na amlete mkaguzi mwenye kamera. Mwenye nyumba wake amemwambia ukaguzi wa nini, si unaishi humo miaka yote hii. Mkaguzi anakuja Alhamisi.